Kumtembelea Rafiki: Je, ni Kupoteza Siku za Kazi?



Kuna swali moja linaloonekana dogo, wala halimo katika katekisimu, hata hivyo linagusa maisha ya kila mmoja wetu. Nalo ni hili: Mtu mwenye kazi yake, akiiacha siku mbili tatu ili aende kumwona rafiki, je, anatenda mema, ama anapoteza siku alizopewa na Mungu za kufanya kazi?

Hapa kwetu Rugenge, kando ya ziwa Tanganyika, mtu akisafiri kwa ajili ya msiba, hakuna anayemlaumu. Akienda kuposa, watu humsindikiza. Akienda kudai deni, husifiwa kuwa ni mtu mwenye akili. Lakini mtu akifunga mzigo wake na kusema, "Ninakwenda Sange kumwona rafiki yangu, basi," majirani hutazamana. Mmoja atasema, "Huyu hana kazi." Mwingine atasema, "Kuna jambo analolificha." Wachache tu watasema, "Uende salama, utusalimie wa huko."

Basi tusikate neno upesi. Mwamuzi mwema husikiliza pande zote mbili kabla ya kufungua kinywa chake.

Maneno ya wanaolaumu

Wanaolaumu wana maneno yenye nguvu, wala tusiyadharau. Jembe halilimi lenyewe. Mvuvi wa ndagala anajua ya kwamba usiku wa giza ukipita, hauwezi kurudishwa. Asipowasha taa yake usiku ule, samaki watakwenda katika wavu wa mwingine. Mke aliyeachiwa watoto na shamba kwa siku nyingi ana haki ya kuuliza, "Umetuletea nini?" Wahenga nao walituonya: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Tena sote tunawajua watu ambao urafiki wao ni urafiki wa chungu. Moshi ukionekana, wamefika. Chungu kikiwa tupu, hawaonekani. Watu wa namna hiyo huita uvivu wao kwa jina zuri la urafiki. Mtu wa hivyo akilaumiwa, amelaumiwa kwa haki.

Lakini lawama ile, ingawa ni ya kweli kwa wengine, haimalizi swali letu. Kwa maana kuna uchovu wa namna mbili. Kuna uchovu wa mwili, na kuna uchovu wa moyo. Aliyechoka mwili hulala, naye huamka mzima. Aliyechoka moyo hulala, naye huamka amechoka vilevile. Anaweza kushika jembe tangu asubuhi hata jioni, lakini moyo wake haumo katika shamba lile. Anaweza kusimama mbele ya watoto wa shule mwaka mzima, akirudia maneno yale yale, bila hamu hata kidogo ya kujua kama wameyasikia. Je, uchovu huo wa pili dawa yake ni nini? Tusikilize kwanza habari moja ya kweli iliyotokea katika ziwa letu hili.

Habari ya mgonjwa wa Ujiji

Mwaka 1871, ng'ambo ya ziwa, katika mji wa Ujiji, alikuwako msafiri mmoja mzaliwa wa Uskoti, jina lake David Livingstone. Umri wake ulikuwa miaka 58. Tangu mwaka 1866 alikuwa akizunguka katika nchi hizi akitafuta chanzo cha mto Nile. Mwezi wa Julai 1871, huko Nyangwe kando ya mto Lualaba, aliona kwa macho yake jambo la kutisha: watu wa wafanya biashara ya watumwa waliwapiga kwa bunduki watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Akageuka na kurudi Ujiji kwa miguu, mgonjwa, moyo wake umevunjika. Alipofika akakuta vitu vyake vyote alivyotumiwa vimekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa kuvitunza. Hakuwa na dawa, wala barua kutoka kwao.

Katika hali hiyo, mwezi wa Novemba, akaja mtu mwingine, Henry Morton Stanley, kijana wa miaka 30, aliyetumwa na gazeti la New York Herald la Marekani kumtafuta. Alikuwa ametoka Bagamoyo mwezi wa Machi. Hawakuwa wamejuana kamwe. Stanley alileta chakula, dawa, na mfuko wa barua uliokuwa umekaa Tabora muda mrefu. Wakakaa barazani, wakazungumza tangu mchana hata usiku, mmoja akieleza habari za dunia, mwingine akieleza habari za safari zake. Livingstone mwenyewe aliandika baadaye ya kuwa zamani alikuwa akila mara mbili kwa siku bila hamu, lakini sasa akaanza kula mara nne, na kwa muda wa juma moja akajisikia ana nguvu.

Tazameni sasa jambo la kushangaza. Mgonjwa huyu, alipopata rafiki na chakula, hakusema, "Sasa nitalala, nihudumiwe." Baada ya siku chache tu, wote wawili waliingia katika mtumbwi wakavuta makasia kuelekea kaskazini, hata huku kwetu, ili wajue jambo moja: Je, mto Rusizi unatoka katika ziwa, ama unaingia?

Jambo hilo lilikuwa limewagombanisha wataalamu wa Ulaya miaka mingi. Mwezi wa Aprili 1858 wasafiri wawili, Burton na Speke, walifika Uvira, lakini wapiga kasia wao walikataa kuendelea mbele. Wana wa mtemi wa hapa waliwaambia wazi kwamba Rusizi unaingia katika ziwa. Lakini hawakuona kwa macho yao, na maneno yakabaki ni maneno. Hao wawili walikuwa wamekula pamoja na kuugua pamoja njiani, lakini waliporudi kwao wakawa adui. Kumbe kusafiri pamoja si urafiki bado. Basi mwishoni mwa Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakaingia katika matete ya mdomo wa Rusizi, wakaona maji yanakuja kwa nguvu kuelekea ziwani. Swali likaisha. Watu wa Uvira hawakushangaa. Wao walilijua jambo hilo tangu kwa babu zao. Kisha wasafiri wakarudi kwa kufuata kando ya magharibi, upande wetu, wakavuka mpaka Ujiji.

Walisafiri tena pamoja hata Tabora, na tarehe 14 Machi 1872 wakaagana. Stanley alimsihi rafiki yake arudi kwao akapumzike. Livingstone akakataa, alitaka kumaliza kazi yake. Lakini alimpa Stanley barua alizoandika, na ndani ya barua hizo zimo habari za mauaji ya Nyangwe. Zilipochapwa huko Uingereza, watu wengi wakaungua moyo. Pamoja na juhudi za watu wengine, barua zile zilisaidia kuleta siku ile ya tarehe 5 Juni 1873, ambapo Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Livingstone hakusikia habari hiyo njema. Alikuwa amekufa tarehe 1 Mei mwaka huo huo, katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia.

Rafiki analeta nini?

Sasa tuulize: Stanley alimletea Livingstone kitu gani? Chakula na dawa, ndiyo. Lakini mtu anaweza kushiba na kupona, kisha akakaa bure. Kazi ilikuwa ya Livingstone tangu zamani. Stanley hakuileta katika mzigo wake. Alichofanya ni kumrudishia mwenyewe kazi yake. Hapo ndipo penye fumbo la urafiki, nami naona sababu tatu.

Ya kwanza, rafiki anakumbuka habari zetu tunazozisahau. Sisi tukichoka, tunaona matope tu. Rafiki anakumbuka siku tulipokuwa na hamu, naye anatutazama kama mtu yule bado yuko. Ukiona katika macho yake kwamba yuko, unaanza kumtafuta.

Ya pili, rafiki anauliza. Mtu wa nyumbani amezoea kutuona, hatuulizi tena. Rafiki wa mbali huuliza, "Ile kazi uliyoanza, imefika wapi?" Swali hilo dogo ni zito kuliko hotuba. Anayelijibu kwa kweli, amekwisha kuanza upya.

Ya tatu, mawazo yaliyo moyoni ni kama wavu uliojisokota. Tukimweleza rafiki mipango yetu, tunalazimika kuunyosha wavu huo fundo kwa fundo. Mara nyingi hatujui tunalolitaka mpaka tumelitamka mbele ya mtu anayetupenda na kutusikiliza.

Ninyi mnaojiandaa kwa Ubatizo mmesikia habari za Barnaba katika Matendo ya Mitume. Alitumwa Antiokia, akakuta kazi nyingi na watu wengi. Naye akafanya nini? Akaiacha kazi ile kwa muda, akaenda Tarso kumtafuta Saulo. Mtu wa majira yale angeweza kusema, "Barnaba anapoteza siku." Lakini alipompata na kumleta, wakafundisha pamoja mwaka mzima, na ni katika mji huo wanafunzi waliitwa Wakristo mara ya kwanza. Vilevile Bikira Maria aliondoka kwa haraka akaenda nchi ya milima kwa Elisabeti. Wimbo wake wa sifa, ambao Kanisa linauimba kila jioni, Injili inatuonyesha kwamba ulitoka kinywani mwake alipokuwa nyumbani mwa jamaa yake, baada ya kusalimiwa.

Moto hupika, na moto huunguza

Lakini ndugu zangu, tusidanganyike. Mtu akirudi kutoka kwa rafiki na moto moyoni, moto ule si ushahidi kwamba mpango wake ni mwema. Habari ile ile ya Ujiji inatufundisha na jambo hili.

Kwanza, Livingstone alikosea. Alidhani maji ya Lualaba yanakwenda Nile. Urafiki ulimpa nguvu ya kutembea, lakini haukumpa njia iliyo sawa. Stanley aliporudi mwaka 1874, akalizunguka ziwa letu mwaka 1876, kisha akafuata Lualaba hata Boma mwezi wa Agosti 1877. Hapo ikajulikana kwamba ule ni mto Kongo. Kukosea hivyo si dhambi. Lakini ni onyo kwamba hamu na kweli si kitu kimoja.

Pili, na hili ni zito zaidi, Stanley naye aliwashwa moto katika urafiki ule. Alitaka kuendeleza kazi ya marehemu. Lakini tangu mwaka 1879 alimtumikia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, akamfungulia njia na vituo katika nchi yetu. Mwaka 1885 ikatangazwa Dola Huru ya Kongo, na chini ya utawala ule watu wetu walilazimishwa kutoa mpira, wakapigwa viboko, wakakatwa mikono, mpaka nchi ilipoondolewa mkononi mwa mfalme mwaka 1908. Barua zilizosaidia kufunga soko la watumwa, na njia zilizoleta mpira wa damu, zote zilipita katika mikono ya mtu mmoja.

Kwa hiyo mpango unaozaliwa katika mazungumzo matamu na rafiki lazima upimwe asubuhi yake, wakati pombe ya furaha imekwisha kutulia. Kipimo ni maswali mawili: Mpango huu utamlisha nani? Na utamla nani? Kama ukitulisha sisi kwa kumla mwingine, basi hata kama ulizaliwa katika urafiki mtakatifu, tuuache.

Mfano wa mwalimu na daftari

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya wasafiri wakubwa. Mimi ni mtu wa kijijini." Basi tuweke mfano wa nyumbani.

Tuseme kuna mwalimu wa shule ya msingi ambaye zamani alianza kuandika katika daftari hadithi na methali za wazee, kama walivyozisimulia kwa Kivira na Kifuliiru. Alikwenda kwa wazee jioni, akaandika kurasa 30. Kisha mshahara ukachelewa, mtoto akaugua, mvua ikaharibu nyumba. Daftari likawekwa juu ya kabati, vumbi likalifunika. Wazee wakaanza kufa mmoja mmoja. Kila mzee anapozikwa, mwalimu anasikia uchungu, lakini hasogezi mkono.

Siku moja anapata nafasi ya kumtembelea rafiki yake Baraka, waliyesoma pamoja. Wanakula samaki, wanacheka habari za shuleni. Usiku rafiki anauliza, "Na zile hadithi?" Mwalimu anaona haya, anasema, "Niliziacha." Rafiki hamkaripii. Anasema tu, "Ile ya sungura na mamba uliyonisomea, nimewasimulia watoto wangu. Wananiuliza mwisho wake kila siku, nami siujui."

Je, rafiki huyu amempa nini? Hakumpa karatasi wala fedha. Amemwonyesha kwamba kazi aliyodhani imekufa inaishi katika nyumba nyingine, na kuna watoto wanaoingoja. Mwalimu akirudi Rugenge akalifuta vumbi daftari lake, akaenda kwa mzee aliyebaki kabla jua halijachwa, je, siku zile tatu zilipotea? Wala asiseme mtu kwamba daftari ni jambo dogo. Mzee akifa na hadithi zake, hakuna duka la kuzinunua.

Lakini tuseme mwalimu yule akarudi na furaha nyingi, akawaeleza watu wote jinsi alivyopokewa, na daftari likabaki juu ya kabati. Hapo wanaolaumu wana haki. Alikwenda kula samaki.

Ziwa na milango yake

Tazameni ziwa letu. Linapokea maji ya Rusizi na ya mito mingine mingi. Nalo lina mlango wa kutolea, ndio mto Lukuga, karibu na Kalemie, unaopeleka maji Lualaba. Mwaka 1874 msafiri Cameron aliukuta mlango ule umezibwa na majani na matope. Maji yakaendelea kuingia na hayakupata pa kutokea, yakapanda na kupanda, hata miaka michache baadaye yakakivunja kizuizi na kujitoa kwa nguvu. Nasi tulioishi kando ya ziwa mwaka 2024 tunajua ni nini maji yanapopanda: yanaingia nyumbani mwa watu.

Furaha tunayoipata kwa rafiki ni kama Rusizi. Inaingia. Lazima iwe na Lukuga yake, yaani kazi fulani, ya mikono au ya akili, itakayowafikia wengine. Furaha isiyo na pa kutokea hugeuka kuwa majivuno, au masikitiko ya mtu anayesema daima, "Kule kwa rafiki yangu maisha ni mazuri, hapa kwetu hakuna kitu."

Mashauri machache

Kabla ya kwenda, panga kazi yako. Patana na mke wako au mume wako. Usiwaache watoto na njaa kwa jina la urafiki. Usiende mikono mitupu, hata kama ni ndizi chache. Wala usikae mpaka ukapewa jembe, isipokuwa umelishika mwenyewe kwa mapenzi.

Ukiwa kule, sema kweli juu ya hali yako. Anayejisifu mbele ya rafiki hurudi kama alivyokwenda. Usikilize naye habari za kazi yake, kwa maana labda yeye ndiye aliyechoka kuliko wewe.

Wewe unayetembelewa, usimpe mgeni chakula tu. Muulize juu ya kazi aliyoipenda. Usimkaripie.

Ukirudi, fanya jambo moja kabla ya juma kwisha, hata likiwa dogo. Juma la pili moto umepungua. La tatu, ni majivu.

Asiyeweza kusafiri kwa sababu ya ugonjwa, umaskini au njia mbaya asihuzunike. Rafiki hapimwi kwa umbali. Kuna mtu katika mtaa huu huu ambaye hajaulizwa habari ya kazi yake tangu miaka mingi. Vuka uwanja, ukamwulize.

Basi tufunge kama tunavyofunga katika mafundisho yetu, kwa swali na jibu.

Swali: Je, kumtembelea rafiki ni kupoteza siku za kazi?

Jibu: Si kupoteza, ikiwa tumeondoka bila kumdhulumu mtu, tumesema kweli kwa rafiki, tumeupima mpango wetu usimdhuru yeyote, nasi tumerudi kwa kazi yetu na kuifanya.

Swali: Na asiyeifanya?

Jibu: Alikuwa na safari njema, bado anadaiwa kazi.

Katekista wa shule ya misioni, Rugenge (Uvira)